Picha Yangu Juu ya Jiwe la Ratomir

Gornja Lipa, 19 Oktoba 1984

Wifi Persida,

Hujambo huko mjini? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu, na habari za goti umezisikia za kutosha. Leo nakuandikia nina furaha, na unajua mimi na furaha hatukutani mara nyingi.

Jiwe limefika! Fundi amelileta Jumanne kwa trekta, wanaume watano wakalisimamisha pale kaburini kwa kaka yangu. Jeusi, linang'aa, ukisimama mbele yake unaweza kuchana nywele. Kulia ameandikwa Ratomir, mwaka aliozaliwa na huu aliotuacha, na picha yake ile ya kofia ya udereva. Kushoto umeandikwa wewe: Persida, 1927, halafu kistari. Baada ya kistari fundi ameacha nafasi pana. Na picha yako ipo, ile uliyonipa mwezi wa saba, ya blauzi yenye kola nyeupe. Imechomwa kwenye kauri, haitafifia hata miaka mia. Umetoka mzuri kuliko ulivyo.

Najua hukutegemea, nilitaka iwe zawadi. Wajane wote wa hapa wameshaandikwa karibu na waume zao. Milka wa bondeni ameandikwa tangu ana miaka arobaini, na kila Jumapili anajifuta vumbi mwenyewe. Siku yako ikifika hutamsumbua mtu, ni kuongeza tarakimu tu.

Jumamosi ya wafu ni tarehe tatu Novemba. Padri atakuwa makaburini saa nne asubuhi. Uje na ngano ya kuchemsha ya kutosha watu arobaini, maana nimeshaalika. Ile ya siku arobaini za marehemu uliitia sukari kama mtu anayepima dawa. Safari hii tia sukari, wifi.

Wako,
Vidosava


Banja Luka, 25 Oktoba 1984

Wifi Vidosava,

Barua imefika. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Siku hizi sikai. Nimehamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, halafu nikalirudisha. Jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio.

Picha ile nilikupa nikidhani unataka kuiweka kabatini, karibu na za wapwa zako.

Ahsante kwa jiwe. Nitakuja na basi la saa moja. Sukari nitatia.

Persida


Gornja Lipa, 4 Novemba 1984

Persida,

Leo sikuiti wifi.

Watu arobaini na watatu walikusubiri. Padri alitazama saa yake mpaka nikataka kumvua saa hiyo. Hakuna ngano, hakuna mjane. Ilibidi nikimbie nyumbani, na goti hili, nikachukue mkate na pombe ya rakia, na watu wakala mkate mkavu juu ya kaburi la kaka yangu kama wakimbizi. Nilisema umeugua. Nimedanganya mbele ya msalaba kwa ajili yako.

Mchana anarudi mtoto wa Milka kutoka mjini, ananiambia mbele za watu: "Shangazi, mbona mimi nimemwona stendi? Amepanda basi la Jajce, na sufuria mkononi."

La Jajce! Kwa sufuria ya marehemu! Kuna nani Jajce, Persida? Mwezi wa tisa huu tangu tumzike. Niambie mwenyewe kabla sijaambiwa na wengine.

Vidosava


Banja Luka, 8 Novemba 1984

Wifi,

Mimi bado nakuita hivyo.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, na ukitaka kuichoma barua, isome kwanza.

Jumamosi niliamka mapema, nikavaa nguo nyeusi, nikafunga sufuria kwa kitambaa cha meza. Nilikuwa nakuja kwenu, naapa. Stendi basi la Prijedor, lile linalopita kwenu, lilikuwa limeshawasha injini, na kondakta akaniambia, "Panda mama, nafasi ipo, dirishani." Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Ndipo nikaiona akilini ile picha, ya kola nyeupe, nikaona nasafiri kwenda kujitazama nimekufa, nimebeba na chakula cha wageni. Nikashusha mguu. Kondakta akasema, "Vipi, umesahau kitu?" Nikamwambia ndiyo.

Basi la jirani lilikuwa la Jajce. Unajua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya Ratomir, miaka ishirini na sita. Kwenye usukani alikaa Dragoje, yule mnene aliyelia sana mazikoni.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Na sufuria hiyo unaenda wapi?"

"Jajce," nikasema. Neno lilitoka lenyewe.

"Wewe? Jajce? Si unaogopa maji?"

"Nani kasema naogopa maji?"

"Ratomir! Kila safari ya chama tunamuuliza, mbona mkeo hujamleta, wake zetu wote wapo. Anasema, Persida wangu akiona maji yanaanguka, anazimia."

Wifi, unaikumbuka ile safari ya chama cha madereva, kila mwaka mwezi wa kumi, ya kwenda Jajce kula samaki na kutembea ziwani? Mimi Ratomir aliniambia ni ya madereva peke yao. Kila mwaka nilimfungia mkate na mayai ya kuchemsha, nikampigia pasi shati jeupe, nikabaki dirishani. Kumbe wenzangu walikuwa wanakwenda na vitambaa vyao vya kichwa vipya.

Nilikaa nyuma ya Dragoje, sufuria nimeipakata kama mtoto. Barabara inafuata mto, kona juu ya kona, mto uko chini kabisa, wa kijani. Majani ya miti yalikuwa yanaanguka yananasa kwenye kioo, Dragoje anayafuta kwa waipa na kuzungumza. Sikusikia hata nusu. Nilikuwa nahesabu: miaka ishirini na sita, na kila siku anapita hapa mara mbili, akirudi namuuliza, "Vipi njiani?" na yeye ananijibu, "Kawaida."

Kawaida! Maporomoko yale yako katikati ya mji, wifi. Mto mzima unafika ukingoni na kujitupa, na watu wanapita juu ya daraja na vikapu vyao vya sokoni. Nilisimama kwenye reli. Manyunyu yakanilowesha uso na kitambaa. Nikasubiri nizimie. Nilisubiri kwa uaminifu kabisa, maana nilifikiri labda yeye alijua jambo ambalo mimi sikulijua. Sikuzimia. Nilichopata ni hasira, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na nilitaka kupiga kelele, na nikapiga, maana pale hata ukipiga hakuna anayekusikia.

Mpiga picha wa watalii akanijia: "Mama, picha moja ya ukumbusho?" Nikamwambia ninayo, na itadumu miaka mia.

Dragoje alikuwa amenielekeza njia ya ziwani. Ni mwendo wa saa moja na zaidi, kwa miguu. Nilikwenda. Sikuweza kusimama, nilihisi nikisimama nitarudi stendi na kupanda basi la kwenu. Viatu vyangu vya mazikoni vilinikata kisigino. Msimu wa watalii umekwisha, vibanda vimefungwa, boti zimepinduliwa ufukweni. Ziwa limetulia, na miti yote ya manjano imo ndani yake kichwa chini. Penye vile vinu vya mbao vya kusagia nafaka, vilivyosimama juu ya nguzo katikati ya maji, nilikuta benchi. Njaa ilikuwa inaniuma. Nikafungua sufuria, nikatoa kijiko, nikala.

Ndiyo, ile ngano. Bila padri, bila mshumaa.

Akatokea mzee mmoja anayetengeneza vile vinu, ana nyundo mkononi. Alipoona ngano akavua kofia kama inavyotakiwa. Nikampa kijiko. Akapiga ishara ya msalaba, akauliza, "Ya nani?"

Nikafungua mdomo niseme ya Ratomir. Nikasema, "Ya Persida."

"Mungu amsamehe," akasema, akala. "Alikuwa nani wako?"

"Tulikuwa tunaishi pamoja."

"Mtamkumbuka sana," akasema, akaomba kijiko cha pili. Sufuria yote nimemwachia, na kitambaa chake.

Basi hiyo ndiyo habari ya Jajce. Mwanamume niliyekutana naye huko ana miaka themanini na meno manne. Nimemkosea Ratomir, na nimekukosea wewe mbele ya watu, na naomba msamaha. Lakini picha yangu iondoe, wifi. Jina langu pia. Mimi sijafa, na tangu ulipoiweka pale silali wala sikai.

Persida


Gornja Lipa, 14 Novemba 1984

Persida,

Kula ngano ya marehemu kando ya ziwa kama mtu aliyekwenda kutalii. Sijapata kusikia.

Jiwe si ubao wa shule, halifutiki. Ulilala na kaka yangu kitanda kimoja miaka thelathini na miwili bila kulalamika, sasa unamkimbia kwa kuwa amenyamaza?

Huyo Dragoje ni mropokaji tangu zamani. Habari za kuogopa maji sizijui.

Vidosava


Banja Luka, 17 Novemba 1984

Vidosava,

Wewe ukisema kweli huandika kurasa nne na kunikumbusha goti. Ukidanganya unaandika kwa kifupi. Barua yako ina mistari michache kuliko risiti ya posta.

Nimerudi Jajce mara mbili tangu wiki iliyopita. Siendi kwa mtu. Naamka, nyumba inanibana, navaa koti. Juzi mvua ilinyesha mpaka maporomoko yakawa kahawia, na nikabaki pale na mwavuli uliovunjika. Nilimtafuta mke wa Dragoje, akanitolea picha za safari za chama, mwaka baada ya mwaka. Wake wote wamejipanga mbele ya maji. Ratomir amesimama pembeni, peke yake, ameshika mkate wangu.

Wewe ndiye uliyekuwa sikio lake. Mambo ambayo mimi sikuambiwa, uliambiwa wewe. Sasa nakuuliza mara moja tu: kwa nini alinificha? Nilimfanya nini? Alikuwa ananionea aibu? Nijibu kweli, au tusiandikiane tena, na tarakimu za mwisho nitamwachia mtu mwingine azichonge mahali pengine.

Persida


Gornja Lipa, 25 Novemba 1984

Wifi yangu Persida,

Ndani ya taulo utakuta uso wako. Ufungue taratibu, umevunjika kidogo karibu na sikio. Nilitumia bisibisi ya Ratomir, na mikono yangu si ya kazi hiyo.

Hii barua nimeianza mara tatu. Goti linauma, nakwambia ujue kwamba sasa nasema kweli.

Hakukuonea aibu. Alikuogopa. Hapana, nimesema vibaya. Aliogopa utaondoka.

Unakumbuka Januari nilipokuja kukusaidia kumuuguza? Siku moja ulikwenda kununua mkate, akanishika mkono wa sweta. Akasema, "Vido, jina lake uliandike kwenye jiwe langu. Na picha. Mimi nikifunga macho huyu ataondoka." Nikamwambia acha ujinga, aende wapi, mwanamke wa miaka hamsini na saba? Akasema, "Popote. Nimeendesha basi maisha yangu yote, namjua kwa sura mtu anayetaka kupanda. Huyu tangu siku ya kwanza anatazama dirishani." Nikamuahidi. Alikuwa mgonjwa, ungefanya nini?

Na Jajce ni hivyo hivyo. Inasemekana mlipokuwa wachumba ulimwambia unataka kuona kila mto unakoishia. Wewe labda ulikuwa unaongea tu, msichana na mchumba wake. Yeye alilibeba neno hilo. Aliniambia ukishayaona yale maji hutatulia tena jikoni, basi bora usiyaone. Nilimwambia si haki. Kweli nilimwambia, mara moja, mwaka wa hamsini na tisa. Baada ya hapo nikanyamaza, maana alikuwa kaka yangu, na wewe ulionekana mzima.

Lipo jingine. Jumamosi ile ya wafu sikukusimulia yote. Unamjua bibi Simeuna, haoni hata pua yake. Alilisogelea jiwe mpaka karibu alibusu, akamwona Ratomir, akakuona wewe pembeni. Akasema, "Ah! Na Persida naye? Lini?" Kabla sijafungua mdomo ameshawasha mishumaa miwili na kuichomeka yote chini, mchangani, mahali pa wafu. Mishumaa ya walio hai huwekwa juu, hata mtoto anajua. Akapiga msalaba, akasema, "Mungu amsamehe, alikuwa mchangamfu."

Watu wakacheka. Padri akacheka. Mimi pia nikacheka, nikainama niung'oe ule wako. Sikuweza. Mshumaa uliowashwa kwa ajili ya roho ya mtu hauzimwi kwa mdomo. Watu wakaondoka, nikabaki nasubiri uishe wenyewe. Ulichukua muda mrefu, wifi. Nilisimama pale peke yangu nakuzika, na nilikuwa nimekukasirikia, na wakati huo huo nalia. Nikarudi nyumbani, na kesho yake nikakuandikia ile barua mbaya. Kisha ikaja yako, ya yule mzee na kijiko, nikahesabu saa. Ilikuwa saa ile ile.

Nimeivunja ahadi ya kaka yangu. Nimekwenda kumwambia mwenyewe pale pale, na bisibisi mkononi. Hakunijibu, kama kawaida yake ukimkosoa. Jina bado lipo. Fundi anasema sasa ni baridi, akiligusa jiwe litapasuka, tungoje mwezi wa nne. Sema tu, nitamwita.

Kama unaondoka, ondoka. Sitakuuliza unakwenda wapi wala kwa nani. Ila ukifika, niandikie.

Vidosava


Banja Luka, 30 Novemba 1984

Wifi yangu Vidosava,

Uso umefika. Nimeuweka kwenye droo, chini ya vitambaa, mahali ambapo hautanitazama.

Fundi mwache kwanza. Sijui nataka nini kuhusu jina, na ni mara ya kwanza mtu ananiuliza.

Mazikoni sikulia, nyote mliona, najua mlisema. Nimelia juzi, barua yako ikiwa mezani, kuanzia mchana mpaka jirani wa chini akapanda juu na supu. Nimemlilia Ratomir, na nimemtukana pia. Safari ishirini na sita aliniibia. Sitaki mtu aniambie alifanya hivyo kwa kunipenda, hata wewe usiniambie. Lakini namfikiria pale pembeni, ameshika ule mkate, wenzake wote wako na wake zao, na amejitakia mwenyewe. Halafu jioni anarudi nyumbani, anapanda ngazi, hajui kama atanikuta. Kila siku, wifi. Mtu aliishije hivyo? Na mimi nilikuwa jikoni namwekea sahani.

Angeniuliza. Neno moja tu. Tulikaa meza moja miaka thelathini na miwili, angeweza kuniuliza hata kwa hasira.

Ni kweli nilikuwa natazama dirishani. Hakukosea, nilitaka sana kwenda. Nilitaka kupanda basi lake, nikae nyuma yake, nikayaone hayo maji, nitembee kidogo kando ya ziwa peke yangu bila mtu kuniambia tuondoke. Halafu nilitaka kurudi nyumbani nimsimulie.

Persida